Kimoja ao vipande? Swali la bafle katika nyumba zetu

Leo sileti habari za bei ya makala wala za maji. Nataka kujibu swali ambalo vikundi vya kusikiliza redio wameniuliza mara nyingi, na ambalo mara ya kwanza nililijibu vibaya.

Swali ni hili: mkishakusanya franga zenu na mnataka chombo cha kusikilizia habari na muziki, mnunue chombo kimoja chenye kila kitu ndani, ao mnunue vipande na kuviunganisha?

Chombo kimoja mnakijua. Ni ile bafle ya Bluetooth inayouzwa Birere kwenye meza za kando ya barabara: betri ndani, redio ndani, ampli ndani, mahali pa kuchomeka flashi na kadi ya memori, taa zinazobadilika rangi, na mkono wa kuibebea. Sabufa ya sebuleni ni dada yake mkubwa. Wenye uwezo nao wana ya kwao: ampli ya kidijitali inayoshika intaneti, inayopokea muziki wa simu, na haihitaji kitu kingine isipokuwa bafle mbili.

Vipande ni namna ya wazee: ampli peke yake, redio peke yake, deki ya kaseti peke yake, bafle peke yake, na waya kati yao. Makanisa yetu mengi bado yako hivyo. Na wale waliofika Mwanga kwenye Tamasha la Amani tangu lilipoanza mwaka 2014 waliona kwamba muziki wa jukwaa hautoki katika sanduku moja. Unatoka katika meza ya fundi wa sauti, ampli, bafle zilizopandiana, na waya ambazo huwezi kuzihesabu.

Basi nianze na vipande, kwa sababu ndivyo nilivyokulia navyo.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vyombo vyake alivinunua kimoja kimoja kwa miaka sita. Redio ilikuja kwanza. Ampli aliipata kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anafunga duka. Bafle mbili zilikuwa kubwa kama kabati, na sisi watoto tulikatazwa kuweka vikombe juu yake. Deki ya kaseti ilikuja mwisho, na siku hiyo mama hakusema na baba mpaka usiku, kwa sababu franga za deki zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya mabati.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ililipuka na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Nyumba yetu haikuwa mbali na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile ambalo liliteketea siku hiyo. Baba hakuwa na muda wa kufikiri. Alichomoa waya kwa mikono miwili, akampa kaka yangu ampli, dada yangu akabeba deki, mimi nikapewa redio iliyofungwa ndani ya kitenge. Mama alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Bafle tuliziacha, hakuna aliyeweza kuzibeba. Tukaenda Gisenyi pamoja na mji wote. Pale mpakani watu walisukumana, deki ikaanguka, na hatukuiona tena.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya jiwe jeusi ambalo bado lilitoa moshi. Lakini ampli na redio vilikuwepo. Tulipojenga kibanda cha mbao juu ya lava, kama wengi walivyofanya, seremala wa mtaa alitupigia sanduku mbili kwa mabaki ya mbao, na fundi akaweka ndani yake spika za gari kuukuu. Siku baba alipounganisha waya, ampli ile ile ikaimba. Kwenye redio ile ile nilisikia kwa mara ya kwanza habari za Radio Okapi, iliyokuwa imeanza kutangaza mwezi wa pili mwaka ule ule wa lava. Tulipoteza bafle na deki, hatukupoteza vyote. Baba aliongeza deki nyingine miaka miwili baadaye, na safari hii mabati yalinunuliwa kwanza.

Mtu aliyeona hayo angetetea vipande maisha yake yote. Mimi pia nilifanya hivyo, mpaka mwaka 2021.

Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano, mlima ulilipuka tena. Siku tano baadaye, tarehe 27, serikali ya mkoa iliamuru kartiye 10 kati ya 18 za mji zihamishwe. Mlioishi siku hiyo mnakumbuka barabara ya Sake: magari, motari, chukudu zenye godoro juu, wazee wakisukumwa katika toroka. Ampli ya baba ilibaki nyumbani. Ina kilo karibu kumi na inataka umeme wa ukutani, ningeipeleka wapi? Nilichobeba ni bafle ndogo ya Bluetooth ya binti yangu, iliyoning'inia kwenye begi. Ilishika redio njia nzima. Watu nisiowajua walitembea karibu nami kwa saa nyingi ili wasikie kama mitetemeko imepungua na kama ziwa liko salama. Usiku pale Sake ilitupa taa, na ikachaji simu ya mama mmoja aliyekuwa anamtafuta mtoto wake. Nikasema moyoni: baba, vitu vyako vilikuwa vizuri, lakini wakati wako umepita.

Tena kuna sababu ya kweli kwa nini sanduku dogo kama lile linaweza kufanya kazi kubwa. Ampli za zamani zinageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Gusa mgongo wa ampli ya kanisa baada ya ibada, utaona. Ndiyo maana zina vyuma vizito vya kupoozea na transfoma inayovunja mgongo. Ampli za kidijitali, ambazo mafundi wanaziita za daraja D, zinawasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, na kwa njia hiyo zinapoteza umeme kidogo sana. Chipu ndogo kuliko ukucha inatosha. Ongeza betri ya lithiamu, ambayo ni nyepesi na inashika umeme mwingi, na unapata kitu ambacho mtoto anaweza kubeba. Huo si ulaghai wa wafanyabiashara. Ni maendeleo, na watu waliokimbia mara nyingi kama sisi wanajua thamani ya kitu chepesi.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwaka 2023 kundi la akina mama 22 katika kambi moja ya magharibi ya mji waliniita. Walikuwa wanasikiliza redio pamoja jioni kwenye simu moja, na wale waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Walikuwa wamefanya likelemba, kila mmoja franga 1.000 kwa wiki, wengine wakitoa kwenye franga walizopata kwa kuuza kuni, wengine kwa kufua nguo za watu Keshero. Mama Presida, ndivyo walivyomwita msimamizi wao, aliniweka mezani bahasha yenye franga zote na kuniambia: «Muandishi, wewe unajua hizi vitu. Utuambie ya kununua.»

Sikusita. Niliwaambia wanunue bafle ya Bluetooth kubwa, ile yenye magurudumu madogo. Nikawapeleka Birere mwenyewe. Tulilipa dola 45. Jioni ile kambi nzima ilisikia habari, halafu nyimbo, na watoto walicheza mpaka walinzi wakaja kuomba sauti ipunguzwe. Mimi nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Miezi minne baadaye Mama Presida alikuja kwangu kwa miguu, na bafle ikiwa kichwani kwa mama mwingine. «Hii kitu imekufa yote,» alisema. Hakuongeza neno.

Nilipeleka kwa fundi mmoja ambaye namjua tangu utoto, mzee aliyekuwa anatengeneza ampli ya baba. Aliondoa parafujo, akaangalia dakika mbili tu. Tundu la kuchajia lilikuwa limeng'oka. Hiyo ni kawaida, kwa sababu waya unavutwa kila siku, na kwenye kioski cha kuchajia kijana hana muda wa upole. Lakini lilipong'oka liliondoka pamoja na njia za shaba za bodi. Betri nayo, kwa kukaa siku nyingi bila kitu, ilikuwa imeshuka mpaka haiwezi kuamka. Na bodi ilikuwa moja tu: kuchaji, redio, Bluetooth, flashi, ampli, vyote juu ya kipande kimoja kidogo, na chipu yenyewe imefunikwa kwa tone la gundi jeusi, haina jina wala namba.

«Papa fundi, hakuna njia?» nilimuuliza.

«Mwanangu, ningeweza kubadilisha betri. Ningeweza kubadilisha tundu. Lakini hii bodi ninunue wapi? Waliotengeneza hii, mwaka huu wanatengeneza ingine.» Halafu akafungua droo akanionyesha transista mbili. «Hizi ni 5200 na 1943. Ziko ndani ya nusu ya ampli za makanisa ya hapa Goma. Ampli ikiungua leo, kesho ninaweka hizi, inaimba. Hata zile za bandia, tunajua namna ya kuzitambua.»

Kisha alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Aligonga spika kwa kidole, akaweka betri ndogo kwenye waya zake, ikatoa sauti. «Hii nzima,» alisema. «Hii itaishi kuliko wewe.»

Hapo ndipo nilipoelewa, na hilo ndilo ninalotaka kuwaachia leo. Ndani ya chombo chochote cha sauti kuna vitu vyenye umri tofauti. Spika iliyotunzwa inaishi miaka 30. Ampli nzuri, ikipata fundi, inaishi miaka 20 na zaidi. Betri ya lithiamu inachoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, yaani miaka miwili ao mitatu kama imetunzwa. Tundu la kuchajia ni bahati. Na zile njia za kuleta muziki hubadilika kila wakati: jana kaseti, halafu CD, halafu flashi, leo Bluetooth. Ukivifunga vyote katika sanduku moja lisilofunguka, umri wa sanduku unakuwa umri wa kile kinachokufa kwanza. Spika ya miaka 30 inatupwa kwa sababu ya tundu la dola moja.

Msifikiri hili ni tatizo la maskini peke yao. Mwezi wa kwanza 2020, kampuni ya Marekani inayoitwa Sonos, ambayo inauza vyombo vya sauti vya bei kubwa, ilitangaza kwamba kuanzia mwezi wa tano mwaka huo baadhi ya vyombo vyake vya zamani havitapokea tena programu mpya. Kati yake ilikuwepo ampli moja ya kidijitali yenye kila kitu ndani, ile ya kuunganisha bafle mbili tu na kusikiliza. Wateja walikasirika sana, na mkuu wa kampuni alilazimika kuandika ili kuwatuliza. Ile ampli haikuungua. Umeme wake ulikuwa mzima. Kilichozeeka ni ubongo wake wa kushika intaneti, na ubongo huo haukuweza kutolewa. Mtu wa London aliyelipa mamia ya dola na mama wa kambi aliyelipa franga 1.000 kwa wiki waliumwa na nyoka mmoja.

Na karibu na sisi kuna mfano wa zamani zaidi. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, mkuu wa habari wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, aliishawishi kampuni moja ya betri ya Uingereza itengeneze redio ya bei nafuu kwa watu wa vijijini wasio na umeme. Umbo lake la duara la aluminiamu lilitokana na sufuria, na kweli iliitwa redio ya sufuria. Ilikuwa chombo kimoja: redio, ampli na spika pamoja. Lakini betri yake kavu ilikaa nje, kando. Betri ilipokwisha, mtu alinunua betri, hakununua redio. Miaka zaidi ya 70 iliyopita mtu aliona kwamba kinachokufa mapema kiwekwe mahali pa kutolewa.

Turudi kambini. Nilikuwa na deni kwa akina mama wale, na fundi alinisaidia kulilipa. Tulianza upya, kwa vipande. Kwanza tulitafuta redio ya gari kuukuu, yenye mahali pa flashi: dola 15. Wengi wenu mnajua kwamba redio ya gari ni ampli na redio pamoja, na inakula volti 12 moja kwa moja. Haihitaji umeme wa ukutani. Halafu betri ya volti 12, ya ampea 7, kama ile ya pikipiki: dola 18. Sanduku la mbao tulipiga wenyewe, na ndani yake tukaweka ile spika iliyotoka katika bafle iliyokufa. Mwezi wa kwanza walichajisha betri kwenye kioski. Mwezi wa tatu likelemba ikatosha kununua pano ya jua ya wati 20 na regileta yake ndogo. Hiyo nayo ni faida ya vipande: unaanza na ulicho nacho, unaongeza franga zikipatikana, kama baba alivyofanya.

Hesabu yake ni rahisi, niwape ili msidanganywe. Volti 12 mara ampea 7 ni wati 84 kwa saa moja. Betri ya aina hii ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hesabu wati 42. Redio ya gari kwa sauti ya kiasi inakula karibu wati 10. Unapata saa nne za kusikiliza, na kesho yake pano inarudisha kama jua limetoka. Siku za mvua unapunguza. Mwenye kuwaambia kwamba betri ndogo itapiga muziki usiku kucha kwa sauti ya harusi, mwambieni aje alale nanyi asubuhi ifike.

Sitaki kuwaficha upande mwingine. Vipande vilitusumbua. Waya zilikanyagwa na watoto. Vumbi la lava liliingia kila mahali. Siku moja kijana aliunganisha betri kinyume, nyekundu mahali pa nyeusi, na sauti ikazimika. Tulifikiri yote yameisha. Ilikuwa fyuzi tu, franga 500, ikafanya kazi saa ile ile. Mvua ilipokuja ghafla, ilibidi watu wanne kukimbiza vitu ndani ya hema, wakati ile bafle ya magurudumu ingeingizwa na mmoja. Na sauti, niseme ukweli, haikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Besi ilipungua. Mtu akiwaambia kwamba vipande siku zote vinaimba vizuri zaidi, anawauzia kitu. Chombo kimoja kilichotengenezwa vizuri, ambamo ampli na spika vilipimwa pamoja, kinaweza kushinda vipande vilivyookotwa huku na huku. Akina mama hawakubaki na vipande kwa sababu ya utamu wa sauti. Walibaki navyo kwa sababu viliendelea kulia. Redio ya gari ilikufa mara moja mwaka 2024; tukabadilisha hiyo tu, na siku tatu baadaye waliketi tena kwenye duara lao.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini. Sina haja ya kuwaeleza. Umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikazimika, na kwa siku zile mwenye redio inayofanya kazi alikuwa mtu wa watu. Pale kambini betri na pano vilifanya kazi yake. Walisikiliza kwa sauti ndogo, ndani ya hema, wakiwa wamelala chini. Halafu mwezi wa pili kambi zikaondolewa, na watu wakaambiwa warudi kwao. Wengine walikwenda Masisi, wengine Minova, wengine waliingia ndani ya mji kwa ndugu.

Mama Presida aliwaita wote kabla ya kutawanyika. Nilikuwepo. Aliweka vipande chini, kimoja kimoja, kama vitu vya urithi. Mama mwenye mtoto mchanga alipewa betri, ili apate taa usiku. Pano na regileta vilipewa watatu waliokuwa wanakwenda kijiji kimoja. Redio ilikwenda kwa mama mzee asiye na simu. Flashi yenye nyimbo zao Mama Presida aliichukua mwenyewe. Aliyekosa kipande alipewa franga zilizobaki katika likelemba. Hakuna aliyegombana. Nilipomsifu aliniambia: «Ingekuwa ile kitu kimoja, muandishi, ingetugombanisha. Kitu kimoja haigawanyike.»

Nimelifikiria neno hilo mwaka mzima. Ni kweli, na lina maumivu ndani yake. Pano iko kijijini na inachaji simu za majirani kwa franga kidogo. Mmoja wa wale watatu alinipigia kunieleza, na amenunua chumvi na sabuni kwa hiyo. Lakini redio haina betri, na betri haina redio. Toka siku ile hakuna aliyevisikia vikilia pamoja. Vipande vinagawanyika, ndiyo. Watu nao.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoniuliza, jibu langu la leo ni hili. Kama uko njiani, ao unajua unaweza kuamshwa usiku na kuondoka, chukua chombo kimoja, kidogo, chepesi. Kitakusaidia, na kikifa baada ya mwaka mmoja usikilaumu, kimefanya kazi ya mwaka mmoja. Lakini franga za kundi, franga zilizokusanywa kwa kufua na kuuza kuni, msiziweke zote katika sanduku moja lisilofunguka.

Na kama mnapenda chombo kimoja hata hivyo, kabla ya kulipa fanyeni mambo manne pale pale Birere. Muulize muuzaji awaonyeshe betri inatolewa namna gani. Kama anacheka, ondokeni. Angalieni kama nyuma kuna parafujo ao gundi. Angalieni kama kuna tundu la waya la kuingiza sauti, ili siku Bluetooth ikifa bado muweze kuchomeka redio ao simu. Na kabla ya franga kutoka mfukoni, pitieni kwa fundi wenu mumuulize kama ameshawahi kutengeneza kitu cha namna hiyo. Mimi sikumuuliza. Nilijiamini kwa sababu ya safari moja ya Sake, na watu 22 walilipa.

Ampli ya baba bado iko nyumbani. Baba hayupo tena. Imebadilishwa transista mara mbili, na kopo za umeme mara moja, na binti yangu ameiwekea kipokezi kidogo cha Bluetooth cha dola chache, kinaning'inia nyuma kama kipepeo. Kikifa, tutanunua kingine.

Pembeni yake kuna sanduku la mbao lenye spika ya dola 45. Siku ya kugawana hakuna aliyelitaka, lilikuwa zito, nikalibeba mimi. Ninalipangusa vumbi. Mama Presida, na nyinyi mama wa betri, mama wa redio, na nyinyi watatu wa pano, kama mnasoma haya ao mtu anawasomea: sanduku lenu liko kwangu, spika ni nzima. Siku mtakayopita Goma, njooni na vipande vyenu. Waya ninazo.